Shali Niliyoifumua Wakati wa Maombi

Mama Kageha, dada yangu,

Nimemvua. Wifi yako Selina, nimemvua shali yako mbele ya kanisa zima, tena watu wamefumba macho wanaomba. Usiniulize kama simwogopi Mungu. Namwogopa sana. Lakini siku hiyo nilimwambia anipe dakika kumi tu, halafu tutaongea mimi na yeye.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianza habari katikati ulikuwa unanikata: "Rudi mlangoni, Mama Luka, uingie vizuri."

Siku tulipokupeleka nyumbani Maragoli, mimi nilipanda lori pamoja na jeneza lako. Sikutaka ulale njia nzima na wanaume wanaobishana kuhusu mpira. Selina akasema yeye hatasafiri, kiuno kinamsumbua, atabaki Gatwekera alinde nyumba ya kaka yake. Alinde! Fisi kaachiwa bucha, na sisi wote tukasema asante.

Tuliporudi, nyumba yako ilikuwa imefagiwa, na sisemi kwa ufagio. Redio haipo, sufuria kubwa haipo, vitenge vyako vyote vimeenda. Hayo sikuyajali. Vyombo ni vyombo, na mwenye kusema ni Zakayo mume wako, na Zakayo mbele ya dada yake huwa anaangalia viatu vyake. Lakini kile kikapu cha chini ya kitanda nilikivuta mwenyewe, nikakuta spoku zako mbili peke yake. Shali haikuwemo. Nilikaa pale kwenye sakafu ya udongo nikishika spoku za baiskeli, nikasahau hata kulia.

Unakumbuka siku tulipozipata? Madukani sindano za kufuma zilikuwa za akina mama wa mitaa mizuri. Sisi tulienda kwa fundi wa baiskeli kule Laini Saba, ukamwambia akukatie spoku mbili na azinoe ncha. Akauliza baiskeli ni ya nani. Ukamjibu, "Ni ya mjukuu wangu, bado hajazaliwa." Yule fundi alicheka mpaka akaangusha tupa. Na Kageha wakati huo alikuwa hata hajaolewa.

Na lile sweta la kijani! Tulilitoa kwenye rundo la kafa ulaya, zile nguo za mitumba, kubwa, la mtu mnene sana, limetoboka viwiko vyote viwili. Mimi nikasema hilo hata la kufutia jiko halifai. Ukaligeuza ndani nje, ukapitisha kidole kwenye mshono, polepole, halafu ukavuta uzi mmoja na mkono mzima ukaanza kufumuka. "Kila kitu kilichofumwa kina uzi wake wa mlango," ukaniambia. "Ukiujua, unaingia bila hodi." Dada, wewe ulinifundisha kufumua kabla hujanifundisha kufuma. Jioni nzima nilikaa nje ya mlango wako nimenyoosha mikono miwili mbele, wewe unanizungushia uzi, mikono imekufa ganzi, na habari za watu wa ploti zote zikapita hapo kati yetu.

Selina akatupitia siku moja akienda kumwona kaka yake. Alisimama na mkoba wake, akakunja pua. "Nyinyi bado mnafuma nguo za maiti?" Wewe hukuhangaika naye. Uliinua tu ile kazi usoni ukahesabu vitanzi kwa sauti, kimoja, viwili, vitatu, mpaka akachoka akaenda. Mimi ningemjibu. Mimi sina moyo wako, na sasa nashukuru Mungu kwamba sina.

Shali ile ilikuwa ya mtoto wa kwanza wa Kageha. Nani hakujua? Uliifuma miezi mitatu, ukitoka kazini kufua nguo za watu na vidole vimekunjamana kwa sabuni, bado unakaa unafuma. Kijani katikati, pindo rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyoiva. Siku ya tatu ya kile kikohozi ukanishika mkono ukaniambia, "Mtoto wa Kageha nikimkosa kwa mikono, nimpate kwa shali. Umfunike wewe." Nikakuambia nyamaza, utamfunika mwenyewe. Kisha nikaahidi. Siku ya nne hukuamka.

Basi nilienda kwa Selina kwa heshima. Nilitembea kutoka Gatwekera mpaka Satellite na ndizi zangu kwenye kikapu, mkono mtupu haulambwi. Aliniacha nimesimama mbele ya kaunta ya duka lao na mtu wa mafuta ya taa akihudumiwa, mtu wa chumvi akihudumiwa. Mwishowe nikasema, dada, nimekuja kuhusu shali ya mtoto, Mama Kageha aliniachia maagizo. Unajua alinijibu nini, tena akikutaja kwa jina tupu? "Shali gani? Jerida alikuwa na matambara tu." Ndizi alizipokea, lakini.

Hilo neno matambara lilikaa kooni kwangu wiki sita. Nikila, lipo. Kageha alipita kwangu, tumbo limeanza kuonekana, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama alimwachia mtoto kitu?" Nikamdanganya. Nikasema iko, inamaliziwa pindo. Mungu anisamehe, nilimdanganya mtoto wako usoni, na hapo ndipo nilipoapa kwamba Selina atanilipa hata kama itanichukua maisha.

Haikuchukua maisha. Ilichukua mpaka Jumamosi ile ya akina mama wa kanisa kule Kawangware. Walitangaza kila mama alete kazi ya mikono yake, na mshindi atapewa blanketi. Mimi nilipeleka soksi za Luka. Kulikuwa na vitambaa vya viti, mikeka, aproni. Mara nikasikia akina mama wanasema woi, woi, tazameni. Nikageuka. Selina anaingia na shali yako mabegani.

Dada, Niliiona kabla sijamwona yeye. Niliona hata lile kosa lako karibu na kona, pale ulipokosea vitanzi siku ambayo Luka alimwaga uji, ukasema liache, mtoto hatahesabu. Na huyu mwanamke akasimama mbele, akajizungusha, akasema, "Nimeifuma kwa mikono yangu hii, miezi mitatu, macho yananiuma." Miezi mitatu! Hata huo muda alikuibia. Wakampigia makofi. Mwenyekiti akasema hapa hakuna haja ya kushindana, tuombe kwanza kisha tutoe blanketi. Nikajua kabisa nikisema pale ni yako, ataita Zakayo awe shahidi, na Zakayo ataangalia viatu.

Selina alipoketi, nilihama benchi. Nilikaa nyuma yake kabisa, magoti yangu yakikaribia mgongo wake. Shali ilikuwa imening'inia nyuma mpaka kiunoni, lile pindo la mwisho ndilo lililo chini. Nikaona, kwenye kona ya kulia, uzi umejificha kwa ndani, urefu wa kidole.

Haukuwa umefungwa fundo! Unakumbuka ulikuwa unanigombeza? Mimi nikimaliza kitu nafunga haraka nione kimekwisha. Wewe ulikuwa unauchomeka tu ule uzi wa mwisho ndani, unangoja. "Fundo hufungwa mwenyewe akishavaa," ulisema. "Ukifunga kabla, umemfungia nje." Mtu yeyote aliyewahi kufuma hata kofia moja angeuona ule uzi akaumaliza. Selina hakuuona kwa sababu hajafuma hata fundo la kiatu chake. Alidhani ameiba kitu kilichokwisha.

Nikauchomoa. Na hapo, dada, sitakuficha, nilisita. Ilikuwa kazi yako ya mwisho. Vidole vyako vilipita katika kila kitanzi kile, na vidole hivyo viko chini ya udongo Maragoli. Nikajiambia nikivuta, nakuua mara ya pili. Nikimwachia, ataivaa Jumapili zote za maisha yake, atazikwa nayo. Mwenyekiti alikuwa ameanza na wajane. Unamjua mwenyekiti, akianza na wajane lazima apite kwa wagonjwa, wasafiri, serikali, mvua, ndipo afike kwa wenye dhambi. Selina mbele yangu akaitikia, "Ndiyo, Bwana," kwa sauti ya utamu. Ile sauti ndiyo iliyonimalizia huruma.

Nikavuta. Polepole, bila kukwaruza, kama ulivyonifundisha. Pindo jekundu likaenda lote kabla wagonjwa hawajaisha. Kwa wasafiri nikaingia kwenye kijani. Nilikuwa nazungusha uzi kwenye vidole, tonge linakua mapajani. Mama Finike pembeni yangu akafumbua jicho moja. Akaangalia tonge, akaangalia mgongo wa Selina, akaniangalia mimi. Kisha akafumba tena na kuinua sauti, "Endelea, Bwana, endelea!" Nilikuwa nataka kucheka na machozi yananitiririka. Benchi letu lote likawa linaomba kwa nguvu kuliko kanisa zima. Sijui mvua iliombewa kwa muda gani, lakini nilimshukuru Mungu kwa kiangazi cha mwaka huu.

Amina ilipofika, Selina aliitwa mbele kuchukua blanketi. Akasimama. Mabegani mwake kulikuwa na kipande cha kijani cha kufunika shingo, na nyuma yake uzi mrefu ukinifuata mimi mapajani. Alitembea hatua tatu, na hatua tatu zote zikafumuka mbele ya macho ya watu. Mtoto mmoja akasema, "Mama, huyo anaisha." Nilisimama. Sikupiga kelele. Nilitoa spoku zako kwenye kikapu changu nikamnyooshea. Nikasema, "Dada Selina, pole, imefumuka. Si umeifuma kwa mikono yako? Tuanzie mistari miwili tu, tuone." Alizishika kama mtu aliyepewa mwiko wa moto. Akazigeuza huku, akazigeuza huku, akatafuta wapi uzi unaanzia. Juu mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Nikamwambia, "Ni matambara tu hayo ya Jerida. Yalete." Akavua kile kipande mwenyewe akakiweka mkononi mwangu. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na kiuno hakikumsumbua hata kidogo.

Ilikuwa tamu, Mama Kageha. Watu husema kisasi hakina ladha. Waongo. Nililala kama mtoto mchanga usiku huo.

Mchungaji aliniita. Akaniambia nitubu. Nikatubu kufumbua macho wakati wa maombi, hilo tu. Akaniuliza na lile lingine? Nikamwambia lile lingine nilimwahidi maiti, na ahadi ya maiti haitubiwi. Akanywa chai akaniacha. Zakayo alikuja kwangu jioni moja akasimama mlangoni, akasema, "Mama Luka, ahsante," kisha akaondoka. Nilimkasirikia zaidi. Ahsante ya nini, wakati alikuwa na mdomo siku zote?

Sasa naifuma upya. Luka ndiye hunishikia uzi mikononi, analalamika kama nilivyokuwa nalalamika. Mama Finike aliniambia niuoshe kwanza na kuutundikia jiwe unyooke, kama tulivyofanya uzi wote wa kafa ulaya, maana umejikunjakunja wote, haukai vizuri kwenye sindano. Nimekataa. Ile mikunjo ya yule mnene wa Ulaya ulishainyoosha wewe. Hii iliyobaki ni ya vidole vyako. Naifuma hivyo hivyo na mikunjo yake, inakuja na vinundu vidogo, si nzuri kama yako. Nikifika kwenye lile kosa la uji nitalirudia makusudi.

Kageha amebakisha wiki chache. Nilimweleza yote, hata ule uongo wangu. Alicheka mpaka nikaogopa atajifungulia kwangu, halafu akalia, na mimi nikalia.

Na sikia hii. Selina ametuma ujumbe. Eti yeye ndiye senge wa Kageha, shangazi yake upande wa baba, lazima awepo siku ya mtoto kutolewa nje, ambebe kama desturi inavyotaka. Watu wanasema nimkataze. Kwa nini nimkataze? Aje. Mtoto atakuwa ndani ya shali. Akitaka kumbeba, ataishika mbele yetu sote, kitanzi kwa kitanzi, na atajua kila mtu anatazama mikono yake.

Ahadi yangu ni ile ile: nitamfunika mimi, kisha ndipo nitafunga fundo. Kabla ya hapo uzi wa mlango nitauacha wazi kama ulivyotaka, niuchomeke kona ya kulia.

Lala, dada yangu. Usihangaike na kitu chochote cha huku. Selina tumemwekea kiti cha mbele siku hiyo, kiti kizuri chenye mto, na mimi nitakaa nyuma yake.

Wako,
Mama Luka