Tutakula Kwako, Tutalala kwa Masista

Ujiji, Kigoma
26 Mei 2025

Mpendwa wifi yangu Nasma,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Mrisho na mwanenu Tatu. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ukipanda ngazi linakuuma mpaka unasimama katikati. Huku watu wanakanda kwa mawese ya moto na chumvi. Nitakuletea, ujaribu.

Sisi hatujambo. Sefu anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano, na amerefuka mpaka suruali zote zimeishia juu ya kifundo. Shadya yuko kidato cha pili, mimi na yeye sasa tunavaa viatu vya namba ileile, kwa hiyo vyangu sivioni.

Mimi nimetoka eda wiki iliyopita. Nilioga, nikavaa ile kanga uliyonitumia, nikatoka mpaka barabarani nikasimama tu. Mama wa maandazi amehamia upande wa pili. Nyumba ya jirani imepakwa rangi nyingine. Watu wananisalimia kwa sauti ya chini, na mimi nawajibu kama mgeni aliyefika leo.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nimejaribu mara mbili kukwambia kwenye simu. Wewe ukisema "njooni, wifi, nyumba yenu hii," mimi nasema ndiyo, kwa sababu siwezi kukukatalia nikisikia sauti yako. Inafanana na ya kaka yako. Basi nimeona niandike, nimpe kondakta wa basi akuletee pamoja na huu mfuko mdogo.

Tunakuja Dar. Tutafika Jumatano ya tarehe 18 Juni, shule zikiwa zimefungwa na Idd imepita. Ijumaa tunaomba utupeleke kaburini. Lakini hatutalala kwako. Tutalala kwenye hosteli, upande wa Chang'ombe, si mbali na hapo Tandika.

Nakuomba usiiweke barua chini hapo. Soma mpaka mwisho.

Kaka yako alipokuja kwenu Desemba alibeba begi lake mwenyewe. Alisema ni wiki moja, apimwe, arudi. Wiki zikawa tatu, na wewe ukamwachia chumba chenu, mkalala sebuleni na shemeji. Najua. Tatu aliniambia, wewe hukuniambia. Najua pia ulikuwa unamsagia papai kwa sababu hakuweza kutafuna, na kwamba ulimwosha miguu kila asubuhi. Hakuna mtu duniani ninayemshukuru kuliko wewe.

Kila alasiri Tatu alikuwa anampigia Shadya, anaiweka simu kifuani kwa Khalfani, baba yake Shadya. Waliongea mambo yao. Khalfani alimwuliza kama kuku mweusi ametaga, kama maji yametoka. Na nyuma ya sauti yake kulikuwa na lile feni lenu la darini, linalia kila likizunguka. Siku za mwisho baba alikuwa hasemi sana, Shadya anasikiliza feni tu. Hakati simu mpaka Tatu akate.

Nilipowaambia tunakwenda Dar, Sefu alifurahi. Shadya aliendelea kuchambua mchele. Baadaye akaniambia, "Mama, mimi baba nataka kwenda kumwona. Kile chumba sitaki." Nikamwambia shangazi atatuweka sebuleni. Akasema, "Si nitalisikia lile feni?" Akalia, na yule mtoto hakulia hata siku ya msiba.

Ndiyo sababu, wifi. Hakuna nyingine. Nyumba yako haina ubaya, na hatuna neno na mtu.

Baba mdogo Omari amechukia. Alikuja hapa na fimbo yake, akakataa chai. Akasema, "Nasma amemwuguza kaka yake kwa mikono yake, leo wewe umpite mlangoni ukalale kwa kulipia? Tangu lini mtu wa Ujiji akalala gesti kwenye mji wenye ndugu yake? Watu watasema mmegombania mali."

Nikamwambia, "Baba, mali yenyewe ipi?"

Akasema, "Hiyo hiyo ambayo haipo, ndiyo watu wanaigombania." Akacheka kidogo, akanywa chai. Lakini alitaka kukupigia simu palepale. Nikamwomba aniache niandike kwanza. Anasubiri.

Sasa nikusimulie tulivyotafuta hivyo vyumba, maana najua utataka kujua tunalala pahali gani.

Nilikuwa ndani ya eda, sitoki, kwa hiyo kazi ilikuwa ya simu ya Sefu. Alikaa mkekani ananionyesha picha. Akasema, "Mama, cheki hii, ina bwawa la kuogelea." Shadya akachungulia, akasema, "Hilo ni tangi la maji wamelipaka bluu. Huoni bomba?" Tulikuza picha, bomba likaonekana. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza sisi watatu kucheka pamoja tangu Januari.

Hoteli nzuri za katikati ya mji tuliziacha. Usiku mmoja ni matumizi yetu ya nyumbani ya wiki tatu. Tukahamia kwenye gesti. Nikapiga moja, akapokea kijana, akaniuliza, "Mnakaa masaa au mnalala?" Nikamjibu tutalala, mwanangu, tunatoka Kigoma, masaa yatatutosha wapi. Shadya akafunika uso kwa mto. Sefu akatoka nje. Baadaye nikaelezwa, nikaona aibu peke yangu.

Gesti ya pili ilikuwa na dada mwenye heshima, ila ana sheria. Nilimwambia nataka vyumba viwili, kimoja changu na binti, kimoja cha mwanangu wa kiume.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Ana kitambulisho cha taifa?"

"Ana cheti cha kuzaliwa."

"Chumba cha peke yake hatumpi, mama. Lazima awe na mtu mzima."

"Mtu mzima ndiye mimi."

"Basi lala naye."

"Na binti?"

"Naye humohumo. Kuna kitanda cha sita kwa sita."

Nikamwuliza, "Dada, wewe na kaka yako na mama yenu mngelala hivyo?" Akasema, "Shikamoo, mama." Hapo ndipo alipokumbuka kunisalimia. Tukaongea vizuri, lakini sheria ikabaki pale pale.

Unajua hapa kwetu mtoto wa kiume akibalehe anahamia chumba cha uani. Sefu amehamia huko tangu darasa la saba. Nilifikiri nitatundika kanga katikati ya chumba. Sefu akasema, "Mama, mimi nitalala stendi." Hakuwa anatania. Ndipo nikajua watoto hawa wamekuwa wakubwa, na mimi nilikuwa bado natafuta chumba cha watoto wadogo.

Aliyetuokoa ni mwalimu Eufrasia, yule wa Bukoba aliyepanga kwenye vyumba vyetu vya nyuma. Mdogo wake ni sista, anaitwa Melania, anasimamia hosteli ya masista. Vyumba vidogo, vitanda vya mtu mmojammoja, neti nzima, geti linafungwa saa nne. Kuna viwili vinavyotazamana: mimi na Shadya huku, Sefu kule, na mimi ndiye naandikwa kwa vyote viwili. Bei tunaiweza, na chai ya asubuhi imo.

Nilimwambia Sista Melania mapema kwamba sisi ni Waislamu, asije akashangaa. Akasema wageni wake wengi ni Waislamu, na kibla ni upande wa mnazi uliopo dirishani. Kisha akaniuliza mizigo. Nikamtajia ndoo ya mawese na kiroba cha dagaa. Akasema, "Mama, nimewahi kupokea wageni kutoka Kigoma. Dagaa hawapandi vyumbani. Wapeleke kwa ndugu." Kwa hiyo dagaa watalala kwako, wifi. Na wale samaki wetu wa ziwani, migebuka wakavu, pia. Baba mdogo Omari aliposikia ni kwa masista alishika kichwa, lakini dagaa kulala kwako kumempoza kidogo. Amesema angalau mzigo una adabu.

Zamani mimi na Khalfani tuliwahi kulala gesti mara moja tu, Tabora, mwaka tuliooana, treni ilipochelewa. Alivua kanzu yake safi akaitandika juu ya mto ili nisilalie mafuta ya nywele za watu. Yeye akalalia mkono wake. Asubuhi mkono ulikuwa umekufa ganzi, akawa ananyoa ndevu kwa kushoto, anacheka. Sijui kwa nini nimekwambia hili. Nafikiri nilitaka mtu mwingine alijue, na wewe ulimjua kabla yangu.

Kuna jambo moja ambalo bado sijalisema kwa mtu. Ile Jumamosi asubuhi uliponipigia, uliniuliza kama mtungoje. Nikasema msingoje, mzikeni. Ilikuwa sawa, ndivyo tunavyofanya, na hata tungeondoka saa ile tusingewahi. Lakini Sefu alikuwa amesimama mlangoni, akanisikia nikilisema. Hajanilaumu. Aliniuliza mara moja tu, mwezi wa Ramadhani, "Mama, baba alizikwa upande gani wa mti?" Mimi sijui. Wewe unajua. Nataka umwonyeshe wewe, si mimi, kwa sababu mimi nami nitakuwa naona kwa mara ya kwanza.

Sasa ombi langu. Asubuhi tukishakunywa chai ya masista tutakuja kwako, na tutakaa mpaka jioni. Tutapika pamoja. Nitakukanda hilo goti. Shadya atacheza na Tatu uani. Usimsukume aingie ndani, na usimwonee aibu akibaki nje. Usikibadilishe chumba kwa ajili yetu, kiendelee kuwa chenu. Labda siku ya tatu ataingia mwenyewe. Labda mwaka ujao. Akiingia tutajua, asipoingia bado wewe ni shangazi yake.

Nimemwuliza kama akikuona wewe atasikia vibaya pia. Akasema, "Shangazi hapana. Shangazi nataka kulala naye, ila aje yeye kwa masista." Nimemwuliza Sista Melania. Anasema kitanda cha tatu kinaingia chumbani kwetu bila shida. Kwa hiyo kama shemeji atakuruhusu, na kama hutaona kinyaa kulala kwa kulipia kwenye mji wako mwenyewe, njoo ulale na sisi usiku wa kuamkia Ijumaa. Tutaondoka pamoja kwenda kwake, tukiwa tumetoka nyumba moja. Baba mdogo Omari akiuliza, nitamwambia Nasma alikuwa na sisi.

Ukikasirika, nitakuelewa. Lakini usininyamazie. Nitumie ujumbe hata wa neno moja, nimwambie binti.

Nisalimie sana shemeji Mrisho, mwambie sijasahau alivyolala sebuleni wiki tatu. Nisalimie Tatu, na umwambie simu zile alizompigia Shadya zimeandikwa kwa Mwenyezi Mungu. Mwalimu Eufrasia anakusalimu ingawa hamjaonana. Baba mdogo Omari naye anakusalimu, kwa ukali wake uleule.

Mungu aipe nafuu miguu yako, aijaze baraka nyumba yako, na amrehemu kaka yako.

Wifi yako anayekupenda tangu siku ulipomsuka nywele za harusi,

Saumu

Utukumbuke katika dua zako, wifi.