Mizani Haina Shemeji

Baba yangu, shikamoo.

Ninajua unavyoitikia. Mashine ikinguruma marahaba yako haisikiki. Unainua nyusi tu, zile nyusi zilizojaa unga, na aliyekusalimu anajua ameitikiwa. Basi inua nyusi, unisikilize. Kuna neno nilipaswa kukuambia ukiwa bado pale Msamala, na nikalimeza.

Siku hizi nimepanga Bombambili, nyuma ya mashine ya kusaga ya watu wengine. Asubuhi wakiiwasha, harufu ya unga wa moto inaingia hadi kwenye cherehani yangu, na mimi nasimamisha mguu, nageuka mlangoni. Mwaka umepita na ushee, lakini pua yangu bado haijaambiwa kwamba ulikufa. Nakutamani, baba. Nakutamani hata ile tabia yako ya kupiga chafya mara saba na kudai kila moja iombewe.

Unakumbuka yule mlanguzi wa mahindi? Nilikuwa darasa la tano, nimekaa juu ya gunia nikila karanga. Ilikuwa Februari, maghala ya watu yamekauka, naye aliazima mizani yako awauzie mahindi akina mama pale barazani. Wewe ulitoka ndani ukasimama nyuma yake kwa muda, kisha ukamwambia, "Toa mguu."

"Mguu gani, mzee?"

"Huo unaouuza pamoja na mahindi."

Alikuwa ameweka ncha ya kiatu kwenye ubao wa mizani. Mahindi ya kilo kumi na nane yanasoma ishirini na moja. Ulimfukuza hapo hapo na magunia yake. "Kwangu hakanyagi mtu," ulisema. "Mizani haina shemeji." Ndiyo siku nilipojua maana ya kukanyaga, na ndiyo siku nilipojua kwa nini watu walitoka hadi kata nyingine kuja kusaga kwako.

Ugonjwa wangu ulipoanza hatukuujua. Tumbo lilikata, nikaharisha wiki mbili, nikapona, nikarudia. Tuliambiwa amiba, tukaambiwa taifodi, tukaambiwa vidonda vya tumbo. Nikanywa hata dawa za TB ya tumbo miezi sita. Mdomo ukajaa vidonda, magoti yakauma kama ya bibi kizee, damu ikapungua, na majirani wakaanza kunisalimu kwa huruma ile ya kuangalia shingo badala ya uso. Mimi fundi wa kupima watu viuno, nikawa kila mwezi napunguza magauni yangu mwenyewe.

Na wewe tiba yako ilikuwa moja: dona. Mahindi hayakobolewi, yanasagwa na kiini chake na ganda lake, mtu anapata nguvu. Mashine ya kukoboa ulikuwa nayo kwa sababu wateja waliitaka, lakini nyumbani kwetu sembe haikuingia. Uliiita gundi ya kubandikia matangazo. Kila nilipokonda uliniongezea tonge, na maharage, na likolo, ile mboga ya majani ya mama, ukanisimamia mpaka nimalize. Nilimaliza kwa ajili yako, nikaenda kujikunja chumbani.

Mwishowe ulifunga mashine siku nne, jambo ambalo hukulifanya hata ulipovunjika mkono, ukanipeleka hospitali ya rufaa, mbali. Wakapitisha kamera. Daktari akasema ni ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili wangu inaushambulia utumbo wangu mwenyewe. Hauponi moja kwa moja, ila unatulizwa kwa dawa na kwa kujitunza.

"Huyo Kroni ni nani?" ukauliza.

"Ni jina la daktari mmoja aliyeueleza zamani, mzee."

"Basi angebaki nao mwenyewe."

Nilicheka, hata daktari alicheka. Kisha akaendelea kueleza kwamba sehemu moja ya utumbo wangu imevimba hadi njia imekuwa nyembamba, na kwa hali yangu makapi ya nafaka, maganda ya maharage na majani magumu vinakwama pale pale. Hapo ndipo nilipogeuka, baba. Nilikuwa na maumivu, lakini maumivu si sababu. Nilikwambia mbele ya mtu mgeni, "Unasikia? Ni dona lako lililokuwa linaniua."

Daktari alinikatiza upesi. Alisema dona halikuleta ugonjwa, na kwamba wengine wenye ugonjwa huu wanalila bila shida. Wewe hukuwa unasikia tena. Ulikuwa unatazama mikono yako, na kwenye basi, njia nzima hadi Songea, uliitazama hivyo hivyo.

Siku ya tatu ulikuja chumbani kwangu na mfuko mdogo. Unga mweupe. Uliyakoboa mahindi mara mbili, ukayasaga, ukachekecha. "Gundi yako hiyo," ukasema, ukaondoka kabla sijafungua mdomo. Ningekukimbilia. Sikukimbia.

Tangu hapo ukawa mtu mwingine kwa upande wa chakula. Ulijua kuliko mimi kwamba maziwa yananichafua na parachichi linakaa, kwamba nile kidogo kidogo mara sita kuliko sahani kubwa mara mbili, kwamba sindano ya vitamini haina kuahirishwa. Watu wa Mbamba Bay walikuletea samaki, ukawachambua miiba mwenyewe. Na maharage! Ulikuwa unayaloweka, unakaa barazani na beseni, unamenya ganda la kila punje. Wazee wenzio walikucheka.

"Mzee mzima siku hizi unamenya maharage?"

"Namenya. Na yenu leteni."

Kila Jumamosi mchana nilikuja mashineni kupimwa. Mizani ile ile ya magunia. "Vua viatu." Nikavua. "Toa na simu mfukoni, hatupimi simu." Nikasimama juu ya ubao, wewe pembeni yangu na ndala zako za yeboyebo, ukisukuma jiwe la mizani taratibu hadi mtaimbo wake, unaopanda uzito ukizidi, utulie. "Arobaini na moja." Wiki nyingine, "Arobaini na mbili na robo." Ukaandika kwa chaki ukutani, juu ya mafuta ya mashine. "Ukifika hamsini wewe ni nusu gunia. Nitakuchinjia kuku."

Kliniki walinipima wakasema thelathini na tisa. Nilikuja kwako nimenuna.

"Mizani yao imechoka," ukasema, ukainama kukaza mkanda wa mashine uliokuwa umekazika vizuri tu.

Nikaamini. Ningeamini mizani ya nani nikaacha yako? Nikarudi nyumbani na furaha, nikapika uji, nikala yai, nikala na ndizi. Mtu anayeongezeka anakula, baba. Ilichukua miezi mitatu, lakini kliniki nao wakafika arobaini na mbili. Nikasema afadhali wametengeneza mizani yao.

Sote tulijua ni nani atatangulia. Hatukusema, lakini tulijua. Mama alishaanza kunitazama kama kikombe chenye ufa. Kisha moyo wako ukasimama ukiwa umekaa kwenye kiti chako, na beseni la maharage mapajani, nusu yamemenywa. Mimi mgonjwa ndiye niliyeshika msalaba mbele ya jeneza lako.

Baada ya arobaini yako nilikaa na mama tukipukuchua mahindi, nikamwambia nimeacha kwenda kupimwa, sina wa kunipima. Akacheka kwa pua.

"Kwani alikuwa anakupima?"

"Si kila Jumamosi, mama?"

"Kumbe mwenzetu hukujua. Baba yako alikuwa anakukanyagia."

Kukanyaga nilikujua. Kukanyagiwa sikuwahi kukusikia. Mama akanieleza: kidole gumba cha mguu, pembeni ya ubao, kilo mbili, siku nyingine tatu. Alikuona akakusema, nawe ukamjibu, "Acha ale." Wewe, uliyemfukuza mtu na magunia yake. Wewe, uliyekataa kumwongezea hata paroko nusu kilo. Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nilicheka mpaka nikalia, na kulia huko hakukukoma mapema.

Nikaacha kula vizuri. Nasema ukweli, sina wa kumficha. Ugonjwa ukaamka, nikashuka hadi thelathini na nane, na njia ile nyembamba ikazidi kuziba. Daktari amesema kipande hicho sharti kikatwe, lakini hatamlaza mezani mtu aliyeisha hivi. Nifike arobaini na tano kwanza. Nikasema hata kidole chako kisingefika huko.

Kwa hiyo nimekula. Nimekula bila hamu, nimekula nikichukia kijiko. Uji uliochujwa, mtori wa ndizi, boga la kupondwa, samaki, yale maziwa ya kopo yasiyochafua tumbo waliyoniandikia hospitali. Na maharage nimemenya mwenyewe, punje kwa punje, nikajua ulikuwa unatumia saa nzima kwa bakuli moja. Ukucha unauma. Hukuwahi kusema kwamba ukucha unauma.

Leo ni Jumamosi. Nimekwenda Msamala. Kaka Osmund ndiye anayeendesha mashine yako, na nyusi zake sasa ni zako kabisa. Chaki zako ukutani hajazifuta. Nilivua viatu, nikatoa simu, nikapanda. Akasukuma jiwe, mtaimbo ukacheza, ukatulia.

"Arobaini na tano na nusu," akasema.

Nilitazama chini, kwenye miguu yake. Nikamwambia, "Rudi nyuma."

Akarudi hatua mbili. Mtaimbo haukushuka.

Jumatatu naondoka, wiki hiyo hiyo watanipasua. Ninaogopa, baba, lakini nimefika kwa miguu yangu, na mizani ni ile ile isiyo na shemeji. Lile neno la kwa daktari nisamehe. Dona lako halikuniua. Kwa muda wote ule, kilichonishikilia duniani ni kidole chako kimoja cha mguu.

Nilibaki juu ya ubao kitambo. Osmund aliuliza kama ninaumwa, nikasema hapana. Nilikuwa nasubiri tu, labda mtaimbo ungepanda kidogo.

Pumzika, usipige chafya sana huko. Nikirudi nitakuja kupimwa tena.

Binti yako,
ambaye bado hajafika nusu gunia.