Joto la Injini ya Martini

Jumanne, 5 Julai 1983
Injini yangu imekufa kabisa. Pistoni imetoboka, na huko Arusha spea hakuna — madukani vumbi tu! Pijo, gari la marehemu baba, limelala uani kama ng'ombe mgonjwa. Na Paskalina yuko Endulen, mimba ya miezi minane, mtoto amekaa vibaya. Mkunga anataka ashushwe huku Karatu hospitali kabla uchungu haujaanza. Mjane wa mdogo wangu, Martini. Nani wa kumfuata kama si mimi?

Injini nzima iliyopo ni moja tu. Ya gari la Martini, lile lililotumbukia bondeni kule ukingoni mwa kreta mwezi wa tano. Bodi ilikunjika yote, injini haikupata hata mkwaruzo. Yeye alikufa palepale.

Alhamisi, 7 Julai
Baba mdogo Qamara kaja, kakataa kukaa. Anasema cha marehemu hakiguswi kabla watu hawajanyoa nywele, na matanga tunaondoa wiki ijayo. Nikamwambia mtoto hasubiri matanga. Akatema mate chini, akaenda zake. Haya! Nati za injini ya Martini nimeshafungua.

Fundi Inosenti kapanda toka Mang'ola kunisaidia. Injini imekaa vizuri kwenye Pijo, ila maji ya hita yanatokea upande mwingine, mipira haifiki. Inosenti anasema ziba, hita ya nini? Huko kwao bondeni, kwenye mashamba ya vitunguu, joto ni la bure, kila gari wanaziba. Nikamtazama. Ni yeye aliyeziba ya Martini! Na huku juu kwenye baridi, bila hita, kioo kikajaa ukungu kwa ndani, Martini akawa anafuta kwa mkono wa sweta, kona ikampita — hivyo alisema abiria aliyepona. Inosenti akatafuta bomba la shaba mwenyewe, akalikunja polepole mpaka likafika.

Ijumaa, 8 Julai
Imewaka! Nikafungua hita. Hewa ya moto ikaja — na harufu ya ugoro. Ugoro wa Martini, ule wa magadi mengi. Nikafungua sanduku la hita, nikaosha kwa sabuni, nikarudisha. Bado.

Lakini hita ni ya gari la baba! Cha Martini ni injini tu. Cresensia kaingiza kichwa, anasema hasikii harufu yoyote. Mke wangu huyuhuyu anayenusa pombe yangu nikiwa bado barabarani! Naogopa, jamani. Naogopa kweli.

Jumapili, 10 Julai
Endulen. Nimefika, madirisha wazi njia nzima nisiisikie ile harufu, meno yanagongana. Paskalina amekonda, tumbo tu ndilo linaloonekana. Akaomba akae kidogo ndani ya gari, apate joto. Akasogeza miguu kwenye hita, akafumba macho. Nikangoja aseme kitu. Akasema tu: shemeji, usizime.

Jumatatu, 11 Julai. Ukingoni
Tumekwama. Ni asubuhi, lakini ukungu umefunga, boneti yenyewe siioni. Injini imezimika mlimani. Unyevu kwenye distributa, moto haufiki kwenye plagi — nimekausha kwa shati, haishiki. Na uchungu umeanza! Mchungaji mmoja, Lomayani, kapita na ng'ombe, nikamtuma kwenye geti la hifadhi akaite trekta. Hajarudi.

Hita bado inapuliza hewa ya moto. Mwanzo nilisema maji bado yana moto. Sasa nimeshika injini kwa kiganja — baridi kama jiwe la mtoni. Nikachomoa waya wa feni ya hita. Inapuliza. Ee Mungu wangu.

Nikamwambia Paskalina niende getini mwenyewe. Hapana, shemeji, kaa. Hakuonekana kuogopa. Kasogea katikati ya kiti, kanibana kwenye usukani, na upande wa mlangoni kaacha nafasi tupu. Nikamuuliza, na tumbo hilo unajibana hivyo kwa nini? Akanijibu taratibu, kama mtu anayegawa viti kanisani: watu wawili wapishane kidogo, mmoja akija, mmoja akienda, nafasi ipo.

Watu wawili gani?

Uchungu mwingine umemshika. Mkono wake wa kulia umenibana mimi, kucha zinaingia. Wa kushoto nao, upande ule mtupu, umebana kitu, vidole vimekaza vilevile, na ugoro unanuka tena. Naandika ili nisitazame upande ule.