Siku Nne Nilizomwibia Mama

Baba, shikamoo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Miezi ile Mama alipokaa eda yako nilikuwa na raha. Nililia, ndiyo, watu waliniona. Lakini kila nikitoka shule niliikuta sauti ya Mama ndani, na moyo wangu ukatulia. Naona aibu kukuandikia hivyo, kwamba raha hiyo niliipata ndani ya msiba wako.

Unakumbuka ofisi ya kina Mama ya Chang'ombe ilivyofungwa, kila mfanyakazi akafanyia kazi nyumbani mpaka jengo jipya likamilike. Ulipofariki Shangazi Zuhura alisema hiyo nayo ni bahati, mjane akae eda yake na kazi isimtupe. Basi Mama alivaa hedifoni juu ya mtandio, akawajibu wateja wa bima kwenye meza yetu ya kulia, nami nikisoma upande wa pili. Hata hao wateja niliwaonea wivu. Mtu kagongesha gari lake Vingunguti, anafoka, na Mama anamwambia taratibu, "Pole sana ndugu yangu, nieleze tokea mwanzo." Mimi nikimwita mara mbili, ananiinulia kidole nisubiri.

Kuhesabu siku alinikabidhi mimi. "Nihesabie wewe mwanangu, mie siku zimenichanganya." Miezi minne na siku kumi. Nikaichukua kalenda uliyoileta kutoka duka la Mzee Nassor, nikahesabu kwa tarehe kubwa, nikaizungushia duara Alhamisi moja. Mama akawaambia ofisini, Alhamisi natoka eda.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa dini alitueleza kwamba eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Nikarudi nyumbani nikazisoma tarakimu ndogo za kijani pembeni, tarehe za Kiislamu, ambazo sikuwahi kuzijali. Eda ilikuwa inaisha Jumapili, siku nne kabla ya duara langu. Nilisimama pale na kalamu mkononi, sikufuta kitu. Shangazi Zuhura aliponiuliza, "Lakini umefuata mwezi?" nikasema ndiyo. Nilitaka hizo siku nne tu, Baba.

Ndipo ujumbe wa ofisi ulipokuja: kufanyia kazi nyumbani basi, wote wahamie jengo jipya, huko Kunduchi kwa wavuvi, upande wa pili wa jiji. Kundi la wafanyakazi kwenye simu ya Mama likachemka. Mmoja aliandika, "Tunakwenda kuuza bima au samaki?" Mwingine akajibu, "Sie wa Mbagala tuhame na vitanda kabisa." Mama alicheka, mara ya kwanza tangu uondoke, na mimi nikamwonea wivu huyo aliyemchekesha. Mwishoni mwa ujumbe kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Chang'ombe litabaki dirisha dogo la wateja, mhudumu mmoja. Anayelitaka afike mwenyewe kwenye kikao cha Jumatatu. Kutoka kwetu hadi pale ni kutembea kwa miguu.

Jumatatu hiyo Mama alikuwa ameshatoka eda tangu jana yake, ila hakujua. Jumapili nzima nilikuwa na neno mdomoni. Niliogopa kuitwa mwongo, nikajipa moyo kwamba Mama Neema atamsemea, kama Mama alivyomwomba. Ni yule mwenzake wa kazini, mtu wa Mtwara, aliyekuja kila Jumamosi ya eda na korosho za kukaanga. Neema mwanawe nasoma naye darasa moja. Kikaoni alimtaja Mama, lakini meneja hakutaka jina la mtu asiyekuwepo. Akauliza nani mwingine, Mama Neema akanyoosha mkono.

"Kanizunguka," Mama alisema. Hawajazungumza tena.

Siku hizi Mama anaondoka kwenda Kunduchi kabla jua halijatoka, anarudi baada ya isha, miguu imevimba, ananiuliza nimekula nini na kusinzia kabla sijajibu. Neema mchana anakwenda kula na mama yake dirishani, anarudi darasani ananukia wali wa nazi. Nimeuchukia wali huo. Nikawaambia wenzangu kuwa mama yake ni mnyang'anyi. Neema alisikia. Alihamisha kiti chake mbele.

Unakumbuka ulivyokuwa unalinyoosha gazeti lililofungia maandazi, tukalisoma pamoja na mafuta yake? Ukimaliza unaniuliza, "Haya msomi wangu, hii ni kweli au wameandika tu?" Leo asubuhi nimelitazama lile duara langu, nikakusikia unauliza.

Naweka kwaheri yangu hapa, Baba, kwa sababu yatakayofuata nikirudi yatakuwa maelezo tu. Mungu akupumzishe pema. Nakuahidi kwamba kila kalenda itakayoingia nyumba hii nitaisoma yote, na nitakachokikuta humo nitakisema.

Nimerudi usiku, Baba. Niliweka kalamu nikaenda uani. Ni Jumapili, Mama alikuwepo, anachambua mchele. Nilimwambia. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliitungua kalenda akahesabu mwenyewe, ukucha wake ukifuata zile namba za kijani moja moja. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nilitaka akae.

Akasema, "Na mie nimemnunia mtu mzima mwenzangu muda wote huu." Akafunika ungo. "Vaa viatu."

Tulipofika, Mama Neema alikuwa kibarazani anamsuka Neema, kichwa kimelala mapajani mwake. Wivu ulinipanda palepale, Baba, sikufichi. Mama alisimama nyuma yangu. Nikatoa shikamoo, nikaanza kueleza habari ya kalenda.