Sauti ya Ng'ambo

Jumatano, 12 Februari
Somo la sauti, mbele ya watoto viziwi! Nilimpa kila mmoja puto alikumbatie kifuani, nikapiga ngoma. Macho yakawatoka! Uwamwezi, yule mrefu wa Gashonga, akaniambia kwa ishara: kumbe sauti inatembea. Ndiyo — hewani, majini, hata ardhini. Nilitaka kulia kwa furaha.

Ijumaa, 14 Februari
Sijagusa ngoma. Maputo yakatetemeka.
Watoto wakacheka, wakitafuta mkono wangu umepiga nini. Mimi nilisikia. Mbali, ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukavu, Kongo. Bum. Tena. Uwamwezi akauliza: nani anapiga? Nikajibu: radi. Wote wakageukia dirishani — jua kali!
Direktrisi wa shule, Maman Emerance, akaniita koridoni. "Mudathiru, usibaambie batoto. Mama yake na Uwamwezi eko Bukavu, alienda kuuza nyanya." Simu ya yule mama, Mukamusoni, haipatikani.

Jumamosi, 15 Februari
Nimeshinda mpakani. Wanawake wanavuka mbio, wengine miguu mitupu. Kila mmoja nilimuuliza: umemwona Mukamusoni, wa nyanya? Mmoja tu alimjua. "Tulikuwa naye ku soko. Masasi ya bunduki ilianza kulia, kila muntu akakimbia kwake." Basi. Hakuna zaidi. Ya Rabi!
Niliporudi bwenini nilipita kwa nyuma, mtoto asione uso wangu.

Jumapili, 16 Februari
Nimewakuta darasani, viganja ukutani. Uwamwezi ndiye aliyewapanga. Walikwisha jaribu kuta zote nne: huu wa upande wa ziwa ndio unaotikisika zaidi. Nimewafundisha mimi!
Akanigeukia. Si radi, akasema. Ni Bukavu. Mama yuko huko?
Mikono yangu ilikuwa mizito kama mawe. Lakini nimemwambia. Yote: vita, soko, simu. Hakulia. Alirudisha kiganja ukutani, akafumba macho, kana kwamba anamsikiliza mama.
Naandika nikiwa sakafuni, kando yake. Maman Emerance bado anapiga namba ileile. Milio imekatika — kimya kabisa, hata mbwa hawabweki. Alhamdulillahi, nimejisemea. Wenzake wameshaenda kula. Yeye hajaondoka ukutani. Amebadilisha kiganja. Sasa ameweka shavu. Ananivuta shati, ametoa macho —
anauliza kwa nini wameacha kupiga.