Kopo Moja, Vitanda Viwili

Jumatatu, 7 Julai 2025
Siku ya tano wodini. Baba bado ana mpira wa mkojo, tezi dume imebana kabisa. Leo kagomea chai, akimaka kwa kilugha chetu: "Mawe! Haya si maji ya kuoshea vikombe?" Basi hajambo!

Jirani yetu wa kitanda, Mayunga, ni mvuvi wa visiwa vya Muleba. Kavunjika nyonga, mguu umetundikwa. Naye ana mpira, na ndugu zake wote wako ziwani. Nimemwaga mfuko wa mkojo wa Baba, nikamwaga na wake kwa kopo letu hilo hilo. Kaona haya, akageukia ukutani. Kasema nikienda kwao nitakula sato mpaka nikimbie.

Jumatano, 9 Julai
Baba anatetemeka. 39.6! Mkojo mzito, unanuka. Dk. Byabato kaandika sindano, asubuhi na jioni. Mkojo umepelekwa maabara kuotesha vimelea vilivyomo, majibu Jumamosi.

Sista Stellah kauliza kama Baba alitumia dawa nyumbani. Nikasema kweli — kwetu pale Bilele, kila mkojo ukimchoma alituma mtu duka la dawa. Vidonge vinne leo, vitatu mwezi ujao, maumivu yakipungua anaacha. Mnunuzi mara nyingi ni mimi. Sista hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 11 Julai
Homa ile ile. Baba ananiita kwa jina la marehemu mama. Naogopa.

Mifuko nimemwaga yote miwili.

Jumamosi, 12 Julai
Majibu. Vimelea vya Baba ni sugu. Maabara wamejaribu dawa kumi na moja, inayoviua ni moja tu. Kaanzishiwa hiyo asubuhi.

Kisha Sista kapita kitanda kwa kitanda. Vimelea hivi vinatembea kwa mikono na vyombo — kila mgonjwa kopo lake, kila mfuko glavu mpya. Nikalisukuma kopo letu chini ya kitanda. Akamuuliza Mayunga nani humwaga mkojo wake. Mayunga, bila kupepesa macho: manesi wa zamu. Kadanganya waziwazi, kwa ajili yangu! Nami nikauacha uongo upite. Nikisema watanitoa wodini, nani atamlisha Baba?

Kopo jipya nimenunua. La Mayunga.

Jumapili, 13 Julai
Baba kanywa uji! Bakuli zima. 37.8. Nikaenda kulia chooni kwa furaha.

Narudi, Mayunga yuko chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana. 39.4. Daktari wa zamu kaagiza aanzishiwe sindano za kawaida. Zile zile! Zilizoshindwa kwa Baba siku tatu nzima. Na mzee ana mimi, ana watu. Huyu ana nani?

Nimemnong'oneza: nasema ukweli sasa hivi. Akanishika mkono, wake unaunguza.

"Acha, dada. Watakufukuza. Mzee je?"

Mzee kasikia. Anauliza ukweli gani. Aibu inanila, tangu jana nimekaa na neno hili kama mwizi.

Dk. Byabato kaingia, yuko kitanda cha kwanza. Sisi ni cha nne. Sista keshaanza kuchanganya dawa ya Mayunga, anaitikisa chupa. Baba anauliza tena, kwa sauti. Naandika nimesimama.