Jibu Langu kwa Swali la Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Kasuku kapata kazi! Mdomo uleule tulioucheka chuoni sasa unalipwa. Ni mdadisi wa utafiti – atapita nyumba kwa nyumba kuuliza vijana kwa nini hawana kazi, na kukosa kazi kumewafanya nini. Mimi niko nyumbani mwaka wa pili, mambo hayo nayajua kuliko yeye. Niliomba nafasi hiyohiyo, sikuitwa hata kwenye usaili. Na nani aliyemfundisha takwimu wiki nzima kabla ya mtihani? Mimi! Nimempigia kumpongeza. Nimecheka sana kwenye simu. Taya zinaniuma.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwona nje kwa kinyozi. Kizibao cha kijani, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Mama naye: mwenzako amependeza. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 7 Juni

Nyumba yetu imechaguliwa. Kati ya nyumba zote za mtaa huu!

Kaja Kasuku mwenyewe. Mama akamkalisha kwenye kiti cha baba, akamletea chai. Akanisomea utangulizi: "Ndugu mshiriki..." Mimi, ndugu mshiriki, niliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu! Nikavumilia. Umri. Elimu. Tukafika swali la tisa: katika siku saba zilizopita, nimefanya kazi yoyote ya kipato, hata kwa saa moja?

Kizibao kile kilikuwa mbele ya macho yangu. Nikasema ndiyo. Nasimamia duka la mjomba la vifaa vya ofisi, nina wafanyakazi watatu chini yangu.

Duka lipo kweli. Nilipita Jumanne kutoa kopi za vyeti vyangu.

Kasuku akanitazama, akauliza taratibu kama nina uhakika. Nikamwambia andika. Kanuni yao ni kuandika jibu kama lilivyotolewa, basi akaandika. Na maswali yakaishia hapo! Mwenye kazi anarukishwa hadi mwisho. Yote ya chanzo na athari sikuulizwa. Nilikuwa na majibu mazuri sana.

Jumanne, 11 Juni

Mradi unaongeza wadadisi, na unawachukua kutoka kwa waliojibu kwamba hawana kazi. Binti wa jirani kaitwa – aliyeacha chuo mwaka wa kwanza! Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia.

Nimemtumia Kasuku ujumbe abadilishe jibu langu. Kajibu kwamba fomu ikishatumwa haifunguki tena. Kaongeza: pole, dada. Pole yake akae nayo.

Alhamisi, 13 Juni

Msimamizi wao yuko sebuleni. Sasa hivi! Mama mtu mzima, miwani, mpole. Huwa wanarudia nyumba chache kuhakikisha. Kapitia kwanza dukani kwa mjomba, na mjomba kasema hana mfanyakazi hata mmoja.

Kaniuliza: mdadisi wetu alifika hapa kweli, au alijaza fomu akiwa kwake? Wapo wanaopika majibu, kasema, na anayebainika anaondoka siku hiyohiyo, mwingine anatafutwa. Halafu akakitazama cheti changu ukutani. Kumbe umesoma takwimu, kasema.

Mama kaenda sokoni. Waliomwona Kasuku hapa ni yeye na mimi tu.

Nimesema ngoja nikuletee maji. Niko jikoni, daftari juu ya jokofu. Glasi imejaa kitambo. Nikisema alifika, mwongo ni mimi, na kizibao kinabaki kwake.

Simu imelia, ujumbe wa Kasuku: msimamizi anakuja kwenu, mweleze tu ilivyokuwa, wewe sina wasiwasi nawe.

Hana wasiwasi! Hata wasiwasi hana!

Nimeliandika hapa nione linavyokaa: hakufika.

Neno moja tu.

Msimamizi anaita, anauliza kama kuna tatizo. Hakuna, mama. Naja.